Besi Iliyooshwa Muyinga

Mume wangu hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha gitaa la besi, ampli, na bafle moja nzito kama kabati la nguo. Hivyo vitatu ndivyo nilivyovigombea mwaka wa ujane wangu, na watu wengi wa mtaa wetu Gitega waliona ni aibu: msichana mdogo hivi, mtoto mgongoni, anagombea vyombo vya muziki wakati wenzake wanazika. Waone aibu wao. Mimi nilitaka vyombo vya baba wa mtoto wangu virudi nyumbani kwangu vile alivyoviacha, basi. Sikutaka pole ya mtu.

Nianze na vyombo vyenyewe, maana ukisikia neno gitaa unadhani ni kitu cha mchezo.

Gitaa alilinunua kwa mzee mmoja Mkongomani aliyepita kwetu akitoka Uvira. Wekundu wake ulikuwa umechakaa ukawa kama wa tofali, jina la kiwanda lilishakwanguka kichwani, na kitufe kimoja cha sauti kilipotea, akaweka mahali pake kifuniko cha dawa ya meno. Ampli ilikuwa ya zamani, ya taa, zile taa ndogo za kioo kwa nyuma. Ukiiwasha haisemi kitu mpaka taa zipate moto na vumbi linuke kuungua, lakini ikishasema haikuangushi. Umeme wa Gitega ulikuwa unakwenda na kurudi kama mgonjwa wa malaria, ampli za watu wengine zikaungua, yake haikuungua. Na ampli hiyo ni cherehani yangu. Ndivyo ilivyo, sitanii. Baba yangu aliniozesha na cherehani ya miguu, na kabla mwaka haujaisha mume wangu akaniomba tuibadilishe na ampli hiyo kwa Muhindi mmoja wa sokoni ambaye ilikuwa imelala dukani kwake. Akasema atanipatia cherehani nyingine. Bafle alitengenezewa na seremala wa mtaani kwa mbao za mvule, spika moja kubwa ndani.

Pale kwetu, harusi za Waislamu, wanawake wanakaa ndani na wanaume nje. Kundi linapiga uani au barazani, na sisi tuko chumbani na bibi harusi, madirisha yamefungwa kwa pazia. Maneno ya mwimbaji hatuyasikii vizuri. Gitaa la solo linafika kama mbu. Kinachopita ukutani ni besi. Tunachezea besi. Ndiyo maana wanawake wa Gitega walikuwa wanamjua mume wangu bila kumwona, wakisikia mpigo wake wanasema, leo ni yeye, na wanafunga vitenge vizuri kiunoni.

Wakati ule nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka. Hata chumvi ilikuwa inapita vichochoro vya Giteranyi juu ya baiskeli. Nyuzi za gitaa ndiyo usiulize. Kwa hiyo wapiga gitaa wakawa wanachemsha zile walizo nazo. Maji ya moto yanatoa mafuta na uchafu wa vidole, uzi unalia tena kama mpya kwa harusi chache, halafu unachemsha tena mpaka ukatike. Na sufuria ya kuchemshia ilikuwa yangu.

Asubuhi moja natoka na unga wa uji mkononi, nakuta mbabula yangu imeshawashwa makaa, sufuria iko juu, mpiga solo amechuchumaa anakoroga nyuzi kwa kijiko changu.

"We! Hiyo sufuria ni ya uji wa mtoto."

"Shemeji, kidogo tu. Ziko karibu kuiva."

"Zikiiva utazila?"

"Ntakula pilau ya Jumamosi. Na we ntakuletea."

Mkubwa wa kundi, ambaye ndiye mwimbaji na wote wanamwita chef, alikuwa amekaa kwenye kigoda changu anakula ndizi. "Tia na chumvi, sha," akamwambia, "labda hii wiki hautapotea njia katikati ya wimbo."

Mpiga solo akamgeukia mume wangu. "Na we leta za kwako tuchemshe mara moja. Lakini zimekufa kabisa. Mi nakaa napiga muziki na maiti pembeni."

Mume wangu alikuwa ameshalikumbatia gitaa kama mtu anayetaka kunyang'anywa. "Nyuzi zangu hakuna mtu atagusa. Ya kwako inataka kulia, chemsha. Besi hailii. Uzi mpya kwenye besi unapiga kelele kama sahani imeanguka. Hizi mzee wa Uvira alipiga miaka, mi nimepiga miaka, ndiyo sasa zinajua kusema chini."

Hakuwahi kuzibadilisha hizo nyuzi nne, hata siku moja. Zilikuwa zimekuwa nyeusi. Kila akimaliza kupiga alizifuta kwa kitambaa kikavu, mmoja mmoja, kabla hata ya kuomba maji. Nyuma ya shingo ya gitaa palikuwa na alama ya kidole gumba chake, jasho na mafuta vimekaa pale mpaka mbao ikawa laini kama mpini wa jembe la zamani. Hiyo alama sikuruhusiwa hata kuipitisha kitambaa.

Siku hiyohiyo, uji wangu bado, chef akaanzisha maneno ambayo wakati ule watu wote walikuwa wanayasema kwa mzaha kwa sababu walikuwa wanayaogopa.

"Tuseme wamekuja saa hii. Risasi iko pale juu kilimani. Unakamata nini unakimbia?"

"Gita," mpiga solo akasema.

"Mi nakamata hii ampli ya huyu. Gita iko mingi duniani. Ampli ya taa isiyokufa iko moja."

"Utaibeba na tumbo hilo?"

"Ntaisukuma! We?" Akamuuliza mume wangu.

"Mi nafungua nyuzi, nazikunja, naweka mfukoni. Mbao ntapata kwa seremala yeyote. Hizi sitapata."

Nikauliza, "Na mtoto nani anakamata?"

Wakatazamana. Halafu mume wangu akasema, "Si we uko, mama?" Wote wakacheka mpaka chef akapaliwa na ndizi. Mimi sikucheka. Nilinyanyua sufuria yao nikamwaga yale maji meusi mlangoni, mpiga solo akazidaka nyuzi zinamchoma, naye anaruka. Nilikuwa nimesoma lise, shule ya sekondari, mpaka nikamaliza, vita vikiifunga na kuifungua, na hapo nilikuwa nasubiri zamu ya sufuria yangu mwenyewe.

Nasema haya yote ili ijulikane kwamba tulikuwa tunaishi. Hatukuwa tunakaa tu kungoja kufa.

Alikufa njiani. Alikwenda Muyinga na kundi lake kupiga harusi. Muyinga ndiko kwao, mama yake anakaa kule mtaa wa Waswahili, anauza mandazi. Harusi ilikwisha vizuri. Kulikuwa na nyingine hukohuko wiki mbili mbele, kwa hiyo vyombo vikabaki kwa mama yake. Ilikuwa akili, maana kwenye kila bariyeri wanajeshi walikuwa wanafungua bafle kwa bisibisi kutafuta bunduki, na safari iliyotangulia mmoja alichomeka mtutu ndani ya spika akapasua karatasi yake. Yeye akapanda gari la maharage kuja kutuona. Wenzake walibaki kungoja harusi. Kabla ya kufika Karuzi gari likapigwa risasi.

Nani alipiga, sijui. Waasi wanasema ni wanajeshi, wanajeshi wanasema ni waasi. Nimeacha kuuliza. Waliokufa waliletwa Gitega mchana katika lori, wanaume wa msikitini wakamuosha, wakamzika kabla ya magharibi. Barabara ikafungwa. Mama yake kule Muyinga habari ilimfikia mtoto wake yuko ardhini tayari.

Mimi nikaingia eda. Kwa asiyejua: mjane wa Kiislamu anakaa ndani miezi minne na ushee, hatoki, hajipambi, haonani na wanaume wa nje. Sina ugomvi na eda. Wakati risasi zinalia kila upande, kuwa na sababu ya kutotoka si jambo baya. Ubaya wake ni mmoja: watu wanajua hutoki, kwa hiyo wanafanya wanavyotaka.

Barabara ilipofunguliwa chef alikuja toka Muyinga, wakati bado watu wanatoka na kuingia kwa ajili ya tanzia. Mimi nikawa nyuma ya pazia la mlango, shangazi yangu amekaa mbele yake kwenye mkeka kama askari.

"Asalam aleikum. Shemeji, pole sana. Mungu ndiye aliandika."

"Aleikum salam. Sema kilichokuleta."

Shangazi alipenyeza mkono chini ya pazia akanifinya mguu.

"Ni habari ya vyombo," chef akasema. "Sikuja kuomba, shemeji, nimekuja kukuambia mimi mwenyewe ili usisikie kwa watu. Tutavichukua. Shaabani inaingia, harusi ziko mingi mbele ya mfungo, na tumepata mtu wa Buhinyuza anajua besi kidogo."

"Vyombo ni vya nani?"

"Vilikuwa vyake. Lakini we unajua sheria ya orkestra. Mtu akienda, chombo kinabaki. Tumevibeba wote. Ile bafle ilivunja mgongo wangu, haikuvunja wa kwako."

"Na ampli ilitoka wapi?"

Nikamsikia chef anakohoa.

"Nakuuliza. Ilitoka wapi?"

"Kwa Muhindi."

"Muhindi alipewa nini?"

"Shemeji, hayo ni mambo ya zamani..."

"Alipewa cherehani yangu! Saa hii mke wake anashonea pazia! Na we unaniambia sheria ya orkestra?"

"Mtoto, punguza sauti, uko eda," shangazi akasema.

"Na sisi watoto wetu watakula nini?" chef akauliza, na kusema kweli sauti yake ilikuwa imechoka. "Bila besi hakuna kundi. Na we mwanamke utafanya nini na besi? Utapiga?"

"Ntaitandikia kitanda ilale. Haikuhusu. Mkono wa mtu usiguse zile nyuzi."

Akaondoka. Shangazi akaniambia kwamba mjane hapigi kelele namna ile, malaika wanaondoka nyumbani. Nikamwambia malaika wa nyumba hii waliondoka na gari la maharage. Hakunisemesha mpaka kesho yake.

Nilituma neno kwa dereva mmoja anayekwenda Muyinga: mwambie mama asiwape. Sikujua kama lilifika. Dereva mwingine aliporudi, shangazi akamuuliza habari za kule, akajibu kwa furaha kabisa, "Mji umechangamka, harusi kila wiki. Besi unaisikia toka stendi!" Nikasikia nikiwa ndani, namnyonyesha mtoto. Maziwa yalikatika siku hiyo. Sitanii na hilo pia.

Kilichoniuma si kwamba wanapata chakula. Nilikuwa namwona yule mtu wa Buhinyuza ameweka kidole gumba chake juu ya alama ya kidole cha mume wangu, anaisugua, wiki hadi wiki, mpaka inakuwa ya kwake. Mume wangu hakuacha picha nzuri. Iliyopo ni ya kitambulisho, amekodoa macho kama mwizi. Hakuna kanda iliyorekodiwa. Kitu pekee duniani kilichokuwa kimehifadhi mkono wake ni shingo ya lile gitaa, na kitu pekee kilichohifadhi sauti yake ni nyuzi nne nyeusi. Mimi nimekaa ndani nasubiri miezi ya sheria ipite, na wao wanaifuta.

Eda ilikwisha baada ya Idi ya kuchinja. Sikungoja hata wiki. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda gari lililokuwa katika msafara wenye wanajeshi mbele na nyuma. Watu ndani ya gari walikuwa wanasali kila mtu na dini yake. Tulipopita pale mahali hakuna aliyeniambia ndipo hapa, lakini nilijua, kwa sababu wote waliacha kuongea na mwanamke mmoja wa kutoka Bugendana, sijui hata alijuaje, akanishika goti.

Mama mkwe alikuwa uani anakaanga. Aliacha mandazi kwenye mafuta, akamchukua mtoto kwanza, akamnusa shingoni.

"Yoo, paji la baba yake."

"Mama, vyombo viko wapi?"

"Kaa kwanza unywe maji, mwanangu."

"Mama, nimesikia wanavipiga."

"Nani? Hao?" Akacheka kwa puani. "Walikuja mara ya kwanza nikawaambia ngojeni niswali. Nikaswali mpaka wakachoka wakaenda. Wakarudi na yule mnene wao. Nikamwambia iko chini ya kitanda changu, kama we ni mwanaume ingia chumba cha mama mzee uinamishe kichwa chini ya kitanda. Akaondoka anaomba msamaha. Hiyo besi ulisikia ni ya kwaya ya kanisa, waliazima. Nayo kwaya imeshaichukua."

Nilikaa chini kwenye udongo. Miezi yote ile nilikuwa nimemtukana moyoni huyu mama, kwamba ameshindwa, kwamba amewapa. Kumbe amelala juu ya vyombo kama kuku juu ya mayai. Nikaanza kucheka, halafu nikalia, mandazi yanaungua.

"Njoo," akasema. "Njoo uone nilivyokutunzia."

Ampli ilikuwa imefunikwa kwa kitenge. Bafle iko pembeni imewekewa ndoo juu. Gitaa lilikuwa limezungushiwa shuka nyeupe, limefungwa kwa vipande vya kitambaa sehemu tatu: kichwani, katikati, na chini. Nikaona jinsi lilivyofungwa. Kila mtu wa dini yetu anajua ni nini kinachofungwa hivyo.

Akafungua vifundo polepole. Harufu ya sabuni ya unga ikatoka kwanza.

Lilikuwa linang'aa. Wekundu ule wa tofali ulikuwa umesuguliwa mpaka mahali pengine mbao nyeupe inaonekana. Kifuniko cha dawa ya meno kimeoshwa, cheupe kabisa. Na nyuzi zilikuwa kama fedha. Nikaligeuza. Nyuma ya shingo hapakuwa na alama yoyote. Mbao tupu, safi, ina michirizi ya majani ya kusugulia sufuria.

"Nguo zake nilifua nikatoa sadaka kama inavyotakiwa," mama mkwe akasema. "Hii sikuweza kutoa. Basi nikaiosha. Yule mpiga solo alipita hapa nikamuuliza, nyuzi zinaoshwaje? Akasema zinachemshwa, mama. Sikumwambia nataka kufanya nini. Nikazifungua kwa koleo, nikachemsha na majivu, nikasugua. Nikazirudisha vilevile, ile nene juu. Unaona?"

Nikagusa ule uzi mnene kwa kidole.

"Kule kwenu wanaume walimuosha. Mi sikumuona, mwanangu. Hata nyayo zake sikuziona." Alikuwa anapitisha kiganja kwenye mbao. "Hii niliianza kichwani. Upande wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Nilisoma kila kitu kinachosomwa."

Sijawahi kuwa na hasira kama ile. Ilinipanda toka miguuni. Na nilitazama huku na huku, kwa kweli kabisa, kutafuta mtu wa kumpa. Chef hakugusa. Mtu wa Buhinyuza hakugusa. Aliyemfuta mume wangu kwenye lile gitaa ni mtu pekee duniani aliyempenda kuliko mimi, na alimfuta kwa sababu hiyohiyo. Nikasema, "Ahsante, mama." Nikatoka nje nikaopoa yale mandazi yaliyoungua, nikayatupa ukutani moja baada ya jingine. Yeye alidhani ninamlilia marehemu, akaniacha.

Muyinga ni mji mdogo. Kabla ya alasiri chef alikuwa mlangoni na mtu wa Buhinyuza nyuma yake, mrefu, mpole, kofia mkononi. Walikuwa na harusi jioni ile ile, mitaa miwili kutoka pale.

"Shemeji, umefika salama. Eda imekwisha, alhamdulillah. Sasa naomba, siyo kuambia, naomba. Leo tu."

Kabla sijafungua mdomo mama mkwe akasema, "Muache huyu ajaribu hapa. Mi nataka kusikia. Toka afe sijasikia."

Umeme ulikuwepo siku hiyo. Wakaiwasha ampli, tukangoja taa zipate moto, wote tunaitazama kama chungu. Mtu wa Buhinyuza akafuta mikono kwenye suruali, akapiga.

Ilikuwa kali. Kila noti ina mlio wa bati. Alikuwa anapiga sawasawa, muziki nausikia, kosa halipo, lakini ilikuwa ni gitaa la mtu ambaye hatujawahi kumjua. Mtoto aligutuka akaanza kulia.

"Siyo hiyo," mama mkwe akasema.

"Ni hiyo, mama," chef akasema.

"Ya mwanangu ilikuwa haisemi hivyo. Hii inalialia." Akatazama nyuzi. Akatazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza juu chini. "Ni maji? Ni maji niliyoipatia?"

Chef naye ndiyo kwanza alikuwa ameinama akaziona nyuzi vizuri, jinsi zilivyong'aa. Nikaona anaelewa. Nikaona mdomo unafunguka. Nikamkazia macho namna ambayo mume wangu alikuwa anaikimbia nyumbani.

"Ni mkono, mama," nikasema. "Kila mtu na mkono wake."

Chef akafunga mdomo. "Ni mkono, mama," akasema. "Huyu ni wa Buhinyuza. Wanashika jembe sana."

"Eh, mbona mimi tena?" yule mtu akasema.

Mama mkwe akashusha pumzi. Mabega yakarudi chini. "Basi aiache," akasema. "Baba, usikasirike, lakini mkono wako siyo mzuri." Akamnyang'anya gitaa taratibu, akaanza kulifuta alipolishika.

Chef akanivuta mlangoni.

"Shemeji, mi nimekusaidia pale. We pia nisaidie. Na sikiliza, hii siyo uongo: zile nyuzi zitakufa tena. Uzi unakufa kwa kupigwa. Mpatie huyu mwaka, miaka miwili, zitashuka, zitasema kama zamani. Ukizifungia kwenye shuka zitabaki hivyo hivyo mpaka kiama."

Hilo lilinigonga. Nililifikiria pale nimesimama, mtoto analia mgongoni. Lilikuwa neno la kweli, la mtu anayejua kazi yake, na alikuwa ananipa kitu ambacho nilikuwa nakitaka kuliko chakula.

"Zinakufa kwa kupigwa, au kwa jasho?" nikauliza.

"Yote. Kupigwa na jasho."

"Jasho litakuwa la nani?"

Akamtazama mtu wa Buhinyuza aliyekuwa amesimama uani na kofia yake, halafu akatazama chini.

Nikamwambia bafle achukue, aimbie, ni sanduku na kweli ilimvunja mgongo. Ampli naondoka nayo kesho na msafara. Na gitaa halitoki humu ndani. Akasema, shemeji, unatuua. Nikamwambia nyinyi hamjafa, nawaona mmesimama. Najua wana watoto. Sisemi najivunia.

Gitaa nikamwachia mama mkwe. Alitaka kunipa, akaanza kulifunga kwa safari, akasema ni la mtoto. Nikakataa. Watu wakisikia wanasema nilikuwa na moyo mzuri. Haikuwa moyo mzuri. Nililolifuata halikuwepo, na yeye alilolitaka lilikuwepo. Mimi ningebeba mbao, yeye angebaki na kitanda kitupu. Akalilaza tena kwenye shuka, akafunga vifundo vyote.

Jioni tukakaa uani. Mama mkwe anamlisha mtoto bugali iliyolainishwa kwa mchuzi, mimi nachambua maharage ya kesho. Mitaa miwili kule harusi ikaanza. Tukasikia chef anaimba. Tukasikia solo, ngoma, vigelegele. Vigelegele vikapungua mapema. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza, na ulikuwa unaelea tu hewani juu ya mabati ya mji, hauna mahali pa kukanyaga. Mwanamke mmoja alipita njiani akamuuliza mwenzake kama kundi limeharibikiwa na kitu.

Mama mkwe akasimamisha kijiko. Akasikiliza sana, kichwa amekiinamisha upande.

"Wanapiga nini hao? Mbona hakuna chini?"

"Hakuna chini, mama," nikasema. "Aliyekuwa anapiga chini hayupo."

Akafikiri kidogo. Mtoto akafungua mdomo kudai tonge.

"Basi wajue," akasema, akamlisha.